Twyla, Leseni, na Anwani ya Nyumba Yangu

Wifi yangu Twyla alikuwa na miaka hamsini na mitano alipoamua kuwa dalali wa nyumba mwenye leseni, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumcheka. Nilimwambia udalali ni kazi ya watu wenye meno meupe na magari yanayong'aa. Gari lake lilikuwa na mlango mmoja wa rangi tofauti, na meno yake, basi tuyaache. Hakukasirika. Aliniambia, "Cheka, wifi. Ukimaliza uje unisaidie kusoma."

Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na minane kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Toledo, upande wa rangi. Ukimpelekea kipande cha plasta chenye ukubwa wa ukucha alikuchanganyia rangi ile ile, na mashine ikiwa inatikisa kopo alikuuliza jiko lako linatazama upande gani na paa linavuja au halivuji. Nusu ya nyumba za mji huu alizijua kwa ndani bila kuzikanyaga. Nusu nyingine tulizikanyaga pamoja, maana tangu kaka yangu Wendell, mume wake, afariki, Jumapili zetu zilikuwa za kuzunguka kwenye nyumba zinazouzwa, zile zinazoachwa milango wazi mchana ili mpita njia yeyote aingie aone. Wengi huenda kula biskuti za bure, na mimi nilikuwa mmoja wao. Twyla alifungua makabati, akapiga magoti kuchungulia chini ya sinki, akashuka hadi chumba cha chini kunusa unyevu. Mara kadhaa wanunuzi wa kweli walimfuata yeye, wakamwacha dalali mwenyewe amesimama sebuleni na karatasi zake.

Duka lilipofungwa, alizunguka miezi minne kutafuta kazi na hakuna aliyemtaka. Ndipo Bwana Lamar Kessler, dalali mkuu mwenye ofisi ndogo palipokuwa zamani na duka la viatu, akamkuta kwenye nyumba moja ya Jumapili akimweleza kijana na mkewe kwa nini ufa ule wa ukutani usiwatishe na ule mwingine uwatishe. Kessler alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Mama, wewe unafanya kazi yangu bure. Katafute leseni uje kwangu."

Basi akaenda darasani. Saa mia moja na ishirini, jioni na Jumamosi, kati ya vijana wanaoweza kuwa wanawe. Alirudi na kadi alizoandika kwa mkono, swali mbele, jibu nyuma, na mimi nikapewa kazi ya kumuuliza pale mezani jikoni kwake.

"Haki ya jirani kupita kwenye kiwanja chako, inaisha ukiuza?"

"Haiishi. Inakwenda na ardhi."

"Mwenye nyumba akikuambia paa linavuja, akakuomba usiseme?"

"Nasema."

"Hata akikuahidi keki?"

"Maxine, hilo halipo kwenye kadi."

"Lipo maishani."

Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, na hilo lilinikera kidogo, kwa sababu mimi nilisoma zaidi yake na nusu ya mambo yale sikuyaelewa. Siku moja alirudi kutoka darasani akaketi bila hata kuvua koti. Nikamuuliza kulikoni. Akasema leo wamefundishwa sheria ya kutobagua wanunuzi. Dalali haruhusiwi kumwambia mteja mtaa huu una watu wa namna gani, wala kwamba ni mzuri kwa kulea watoto. Mteja akiuliza shule za hapa zikoje, unamwelekeza akatafute takwimu mwenyewe. Maoni yako unayameza.

"Nimeipenda hiyo sheria," akasema. "Laiti maoni hayo yangemezwa tangu zamani."

Corinne, binti yake, alikuwa anaosha vyombo nyuma yetu. Akacheka, akasema, "Mama, wewe na kumeza maoni? Utakabwa." Tukacheka wote. Mimi na Twyla tulicheka kwa taabu, kwa sababu tulikuwa na jambo letu la shule na anwani, na Corinne halijui.

Corinne naye nimseme. Ana miaka thelathini na mmoja, msaidizi wa daktari wa meno, mpole kupita kiasi, na bado analala kwenye chumba chake cha utotoni. Nilikuwa namtania kila mara, "Wewe mtoto, mama yako anataka kuuza nyumba na mteja wa kwanza hataki kuhama kwake!" Anatabasamu tu, anamwekea mama yake chai.

Jambo lenyewe ni hili. Corinne akiwa na miaka saba, shule ya mtaa wao ilikuwa imechoka. Darasa lina watoto thelathini na saba, na kitabu kimoja wanasoma watatu. Mtoto alijua kusoma kabla ya kuanza, na pale alikuwa anakaa tu akichora maua pembeni mwa daftari. Mimi wakati huo niliishi ng'ambo ya mto, kwenye kitongoji cha Harlow Heights, na kwetu huku anwani ndiyo inayokupa shule. Ukiishi mtaa fulani mwanao anasoma fulani, ukivuka barabara anasoma kwingine, na hakuna mjadala. Twyla akaandika kwenye fomu ya shule kwamba mtoto anaishi kwangu. Miaka miwili mizima alimleta asubuhi mlango wa nyuma, mtoto akapita sebuleni kwangu, akatokea mlango wa mbele kungoja basi la shule na watoto wa majirani. Nilimpa Twyla bili yangu ya umeme akaambatishe. Niliijua kila hatua.

Mwaka wa pili, mwezi wa tatu, shule ikaweka mtu ndani ya gari na kamera. Alipiga picha wiki nzima, Twyla akimleta mtoto kwenye mlango wangu wa nyuma. Corinne akaitwa ofisini katikati ya somo, mama yake akaitwa kutoka kazini, na kesho yake mtoto hakurudi pale. Likaja la mahakama: kutoa maelezo ya uongo. Kosa dogo kwa hesabu za kisheria, lakini la jinai. Twyla alihukumiwa kufagia bustani za jiji saa themanini na kuripoti kwa afisa miezi sita. Hakunitaja. Hakimu hakuuliza, naye hakusema, na mimi nilibaki nyumbani nimefunga mapazia. Mpaka leo sijawahi kumshukuru sawasawa.

Mtoto aliambiwa shule imejaa. Wendell akaafiki, mimi nikaafiki, na yakaisha. Au tulidhani yameisha.

Sasa, ili ukubaliwe kufanya mtihani wa leseni, unajaza fomu ya maombi, na dalali mkuu anayekupokea anaitia sahihi. Twyla aliniletea ile fomu siku ya Alhamisi, akaiweka mezani, akaweka kidole kwenye swali la tisa. Umewahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote la jinai? Ndiyo. Hapana. Visanduku viwili vidogo.

"Andika hapana," nikasema.

"Wifi!"

"Andika hapana! Miaka ishirini na miwili! Yule hakimu ameshakufa, na ile kamera ipo jalalani."

"Kazi yenyewe ni ya kusema ukweli kuhusu nyumba za watu. Nianze na uongo?"

"Uanze na kazi kwanza, ukweli utaufuata."

Alinitazama, na nilijua ameona kwamba nusu ya ukali wangu ilikuwa woga wangu mwenyewe. Akaichukua fomu, akaenda kwa Kessler, na mimi nikamfuata nikiwa nimevimba. Kessler alisoma swali, akasikiliza habari yote akiwa ameegemea rafu ya zamani ya viatu.

"Mama Twyla, nikwambie kitu," akasema. "Hawa watu wa tume ya leseni, kosa la zamani wanalimeza. Kufichwa hawamezi. Nimeona mtu mwenye wizi wa gari akipewa leseni, na mwingine aliyeficha ugomvi wa baa akanyimwa. Andika ndiyo, uandike na maelezo. Watakuita Columbus, makao makuu ya jimbo, uwaeleze kwa mdomo."

"Kuwaeleza wao siogopi," Twyla akasema.

Na kweli, tume hakuiogopa. Alimwogopa Corinne. Alimlea yule mtoto kwa neno moja tu, usiseme uongo. Aliwahi kumrudisha dukani nusu saa kwa miguu, kwenye theluji, kwa sababu ya penseli aliyotoka nayo bila kulipa. Leo aende kumwambia kwamba mama yake ana hukumu, na hukumu yenyewe ni ya uongo? Aliniambia kwenye gari tukirudi, "Ataniangalia kama vile sijui nani. Leseni naitaka, Maxine. Naitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu tangu Wendell. Lakini nikiipata kwa kumpoteza huyu, niiweke wapi?"

Usiku huo huo akatia alama kwenye ndiyo.

Barua ya kuitwa ilikuja baada ya wiki tano. Twyla alimwambia Corinne kuna mahojiano Columbus, ya kawaida tu, kila mwombaji anaitwa. Mpango ulikuwa niendeshe mimi. Lakini jicho langu la kulia lilikuwa limefanyiwa upasuaji mwezi ule, na Corinne akasema haiwezekani shangazi mwenye jicho moja ampeleke mama yake mwendo wa saa mbili kwenye barabara kuu. Akaomba ruhusa kazini, akatuendesha. Njia nzima alikuwa anamuuliza mama yake maswali ya kadi, na Twyla anajibu sawasawa kwa sauti ya mtu anayepelekwa hospitali.

Tulipofika Twyla akamwambia, "Mwanangu, wewe kanywe kahawa pale ng'ambo, sisi hatuchelewi." Corinne akasema sawa. Tukaingia. Kilikuwa chumba cha kawaida, meza ndefu, watu watano wa tume, na viti vya wasikilizaji, maana vikao vile ni vya wazi. Jina la Twyla lilikuwa la tatu. Alipoitwa akasimama mbele, akainua mkono akaapa, na alipogeuka kukaa nikamwona ametazama nyuma yangu na uso umemshuka. Corinne alikuwa ameketi safu ya mwisho na vikombe vitatu vya kahawa kwenye trei ya karatasi. Alitaka kumshangilia mama yake.

Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akaliona lile.

"Yule ni nani wako?"

"Binti yangu."

"Unataka atoke? Tunaweza kumwomba."

Nilimwomba Mungu aseme ndiyo. Twyla alimtazama binti yake na vile vikombe vitatu. Halafu akasema, "Akae. Yeye ndiye mtoto mwenyewe."

Akaeleza. Hakutia chumvi wala hakujitetea. Alisema shule ilivyokuwa, anwani ilikuwa ya nani, mlango wa nyuma, mlango wa mbele, mtu wa kamera, hakimu, ufagio. Alipofika kwenye anwani alisema "ya ndugu wa mume wangu" na hakunigeukia. Mimi ndiye niliyesimama. Sijui miguu ilitoka wapi. Nikasema, "Ni mimi huyo ndugu, na nilijua yote, na bili ya umeme nilitoa mimi." Mwenyekiti akaniambia kwa upole kwamba sijaitwa, niketi. Nikaketi. Nilijisikia mwepesi na mjinga kwa pamoja.

Mzee mmoja wa tume, mwenye kifaa cha kusikilizia sikioni, akasogea mbele. "Bibi, ungerudishwa siku ile, ungefanya tena?"

Jibu la swali hilo tulikuwa tumelifanyia mazoezi jikoni. Hapana, mheshimiwa, najuta, nimejifunza. Nilikuwa nalisema naye moyoni.

"Nina jibu nililolikariri," Twyla akasema, "lakini nimeshaapa. Kuandika uongo nisingeandika tena. Nimeona ulivyotula. Ningekwenda kulala na mtoto sakafuni kwa wifi yangu ili niwe mkazi wa kweli, au ningepiga kelele kwa bodi ya shule mpaka wanitoe nje. Lakini kumtakia mtoto wangu shule ile, hilo sijalijutia, na nikikwambia nimelijutia nitakuwa nakudanganya hapa hapa."

Mzee akaandika kitu. Wakanong'onezana, haikufika dakika tatu. Mwenyekiti akasoma kwamba mwombaji ameruhusiwa kufanya mtihani, wote watano wameafiki, na akaita jina linalofuata.

Nikumalizie kabisa habari ya leseni. Mtihani alianguka mara ya kwanza, sehemu ya sheria za taifa zima, kwa alama mbili, akalia, akala keki nzima ya tufaha peke yake, akarudia mwezi uliofuata akafaulu. Leseni yake iko kwenye ukuta wa Kessler, na kufikia leo ameuza nyumba kumi na moja. Mteja akimuuliza shule za hapa zikoje, anameza. Mimi humtazama koo likipanda na kushuka.

Lakini siku ile tulipotoka kwenye kile chumba hakuna aliyekuwa anafikiria leseni. Corinne alikuwa ametangulia, amesimama kwenye korido ametazama ukuta, vikombe vyake ameviacha ndani. Twyla alimwendea akisimama kila hatua mbili. Mimi nikabaki mlangoni. Nilijiambia huu si ugomvi wangu, kisha nikasogea ili nisikie.

"Mwanangu, nisamehe," Twyla akaanza. "Nilikulea kwa maneno ambayo mimi mwenyewe…"

"Mama, ngoja." Corinne aligeuka. Macho yalikuwa mekundu, lakini hasira niliyoingoja sikuiona. "Nilitolewa shule kwa sababu ya anwani?"

"Ndiyo."

"Anwani tu? Hakukuwa na kitu kingine?"

"Kitu gani kingine?"

"Asubuhi ile nilimsukuma Paige Lindqvist kwenye ngazi. Akang'oka jino. Hakuna aliyeona. Nikaenda darasani nikakaa. Halafu wakaja kuniita ofisini, nikakukuta wewe unalia na mkuu wa shule anakuonyesha mapicha, nikajua wamenipiga picha mimi. Kesho yake mkaniambia shule imejaa." Akajifuta pua kwa mkono, yule yule mtoto wa miaka tisa. "Mimi nilijua haijajaa. Kiti changu kilikuwepo. Nikajua mnanificha kwamba nimefukuzwa, kwa sababu mnanionea huruma."

Twyla alitafuta ukuta kwa mkono.

"Uliporudi na lile koti la njano la kufagilia, ukamwambia baba umechoka, mimi nilikuwa kwenye ngazi nasikiliza. Nikasema mama anafagia kwa sababu yangu. Nilipopata nafasi ya chuo Chicago nikasema siendi, nimeshamgharimu vya kutosha. Kila nikitaka kuhama nasema nimeshamgharimu vya kutosha."

Mimi mwenye mdomo, niliyekuwa nikimtania kila wiki kwa nini hahami, nilitamani sakafu ipasuke.

Twyla hakulia. Alimshika mwanawe mashavu kwa mikono miwili, kwa nguvu, mpaka midomo ya Corinne ikabinuka.

"Haikuwa wewe," akasema. "Nisikie. Haikuwa wewe. Ilikuwa mimi."

Mtu wa nne kwenye orodha alitoka akatupita na mkoba wake. Corinne hakumwona.

"Sema tena, mama."

"Haikuwa wewe."

"Tena."